Dawa za Maumivu za Kuvuta kwa Pumzi Katika Huduma ya Dharura: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa tena na tena na wahudumu wa ambulensi, wauguzi wa kitengo cha dharura, waokoaji wa ufuoni na jamaa za wagonjwa hapa Mombasa. Majibu yanahusu dawa mbili tu. Hayachukui nafasi ya mafunzo wala ya mwongozo wa daktari anayesimamia kikosi chako: asiyefunzwa asifungue mtungi.

## Mambo ya msingi

Dawa hizi ni zipi hasa?

Ya kwanza ni mchanganyiko wa nitrasi oksaidi na oksijeni, nusu kwa nusu, ndani ya mtungi mmoja. Wengi huujua kwa jina la Entonox. Daktari wa Uingereza Michael Tunstall ndiye aliyeonyesha mwaka 1961 kwamba gesi hizo mbili zinaweza kukaa pamoja ndani ya mtungi mmoja, na kufikia mwaka 1970 hivi ambulensi za kule Gloucestershire zilikuwa zimeanza kuubeba.

Ya pili ni methoksiflureni, dawa ya majimaji inayogeuka mvuke ndani ya kifaa cha plastiki kinachofanana na filimbi kubwa ya kijani. Jina lake la biashara ni Penthrox. Zamani ilitumika kwa dozi kubwa kulaza wagonjwa wa upasuaji, ikaachwa kwa sababu ya figo (tazama sehemu ya filimbi ya kijani). Kwa dozi ndogo, ambulensi za Australia zimeitumia tangu miaka ya 1970.

Zinaanza kufanya kazi baada ya muda gani?

Gesi ya mtungi huanza kusikika ndani ya nusu dakika, na nguvu yake kamili huja baada ya dakika mbili au tatu za kuvuta mfululizo. Methoksiflureni huhitaji pumzi sita hadi kumi. Mgonjwa akiacha kuvuta, gesi humtoka kwa dakika chache, lakini methoksiflureni hukawia zaidi mwilini.

Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kumpa mgonjwa kifaa na papo hapo kuanza kunyoosha mguu wake. Mpe dakika mbili kamili, uzihesabu kwa saa. Katikati ya kelele za barabarani pale Makupa, sekunde ishirini huonekana kama dakika mbili.

Kwa nini mnasisitiza mgonjwa ashike kifaa mwenyewe?

Kwa sababu mkono wake ndio kinga yake. Dawa ikimzidi, mkono hulegea, kifaa huanguka, anavuta hewa ya kawaida na kurudi mwenyewe. Vali ya mtungi nayo hutoa gesi pale tu mtu anapovuta pumzi, haimpulizii. Mpangilio wote wa usalama umejengwa juu ya jambo hilo moja.

Mhudumu au ndugu akimshikia barakoa usoni, kinga hiyo imeondoka. Mgonjwa ataendelea kuvuta hata akiwa amezama, na akitapika, matapishi yatabaki ndani ya barakoa. Kwa hiyo usimfunge barakoa kwa mpira kichwani, usimwekee mama mzazi hata kama anakusihi, na mwambie mume aliyeketi kando, kwa upole lakini bila kuyumba, asimshikie mkewe. Asiyeweza kushika mwenyewe atafutiwe dawa nyingine.

Je, nitalala? Nitacheka mbele za watu?

Hupaswi kulala. Utahisi kichwa chepesi, midomo au vidole kufa ganzi, na sauti kusikika kama zinatoka mbali. Baadhi ya watu hucheka, baadhi hulia, na wengi hawafanyi lolote. Maumivu huenda yasiishe kabisa. Mara nyingi mgonjwa husema bado yapo ila hayamsumbui kama mwanzo, na hilo latosha kumfungia gango na kumpandisha kwenye machela.

Si afadhali mofini au ketamini moja kwa moja?

Kwa mvunjiko mkubwa wa paja au majeraha mapana ya moto, ndiyo, mgonjwa atazihitaji. Lakini dawa ya mshipa yahitaji kwanza mshipa, na pia mtu aliyeidhinishwa kuitoa na ufuatiliaji baada yake. Dawa ya kuvuta huziba pengo la dakika hizo kumi au ishirini. Tunaihesabu kama daraja, na tunapinga tabia ya kumfikisha mtu hospitalini na gesi pekee ilhali dripu ingewekwa njiani. Vilevile usisahau ya kawaida: gango lililofungwa vizuri, kiungo kilichoinuliwa, na parasetamoli kwa anayeweza kumeza.

## Gesi ya mtungi

Hatua zake ni zipi?

Soma lebo ya mtungi kwanza. Rangi husaidia lakini si ushahidi: mitungi ya zamani ya mchanganyiko ni ya samawati yenye mabega ya samawati na nyeupe, ya mtindo mpya ina mwili mweupe, na mtungi wa nitrasi oksaidi tupu nao ni wa samawati. Nitrasi oksaidi tupu haina oksijeni na itamuua mtu. Matundu ya kiungio yamepangwa tofauti kwa kila gesi ili mitungi isiingiliane. Kiungio kikikataa, usikilazimishe.

Fungua vali kidogo kwa sekunde moja ili vumbi litoke, ifunge, funga kirekebisha shinikizo, kisha fungua polepole kinyume cha saa. Angalia geji. Bonyeza kitufe cha majaribio usikie gesi ikitoka. Weka kichujio kipya na kipande kipya cha mdomoni, kimoja kwa mgonjwa mmoja.

Mwelekeze mgonjwa: midomo ishike vizuri, avute kwa mdomo, pumzi za kawaida zenye kina, atoe pumzi humohumo. Kila anapovuta lazima usikie vali ikivuma. Usiposikia, hapati kitu. Endelea kuzungumza naye muda wote, kwani mazungumzo ndiyo kipimo chako cha fahamu. Kidoleni weka kipimo cha oksijeni.

Ukimaliza, mwangalie kwa dakika kadhaa. Nitrasi oksaidi inapotoka damuni kwa wingi huipunguza oksijeni ndani ya mapafu. Kipimo kikishuka, mpe oksijeni.

Mtungi mmoja utanifikisha wapi?

Fanya hesabu kabla ya kuondoka. Mtungi wa lita 500 ukiwa umejaa, na mtu mzima mwenye maumivu akivuta kama lita 10 kwa dakika bila kupumzika, utadumu dakika 50. Geji ikiwa nusu, una takriban dakika 25. Geji ya mchanganyiko husema kweli kwa sababu kilichomo ni gesi tupu. Mtungi wa nitrasi oksaidi peke yake una majimaji ndani, kwa hiyo geji yake husimama palepale hadi majimaji yaishe.

Mgonjwa anayetoka Likoni ndiye anayehitaji hesabu hii zaidi. Hata ambulensi ikipewa nafasi ya mbele, sharti isubiri feri itie gati. Usiimalizie gesi kwenye foleni ambapo mgonjwa amelala ametulia. Maumivu makali huja anapoinuliwa, anapofungwa gango, gari linapopanda na kushuka rampu, na kwenye matuta ya barabarani. Mwambie aanze kuvuta dakika mbili kabla ya kila moja ya hayo, kisha apumzike. Kwa namna hiyo nusu mtungi humfikisha mgonjwa wa Likoni hadi hospitali kuu ya Pwani na ikabaki.

Nimesikia gesi hizi hujitenga ndani ya mtungi. Ni kweli?

Ni kweli, lakini kwenye baridi kali: nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, ambapo nitrasi oksaidi huanza kugeuka majimaji. Mtungi wa namna hiyo hutoa oksijeni nyingi mwanzoni na mwishoni hubaki nitrasi oksaidi karibu tupu. Mombasa baridi hiyo haiji. Shida yetu ni joto: usiache mitungi ndani ya gari lililofungwa juani, na ifunge isiviringike.

Kuna hatari ya moto?

Ipo. Nitrasi oksaidi na oksijeni zote huchochea moto. Usiguse vali kwa mikono yenye mafuta ya nazi, losheni au grisi ya gari, na usilainishe kiungio kwa chochote. Kwenye ajali ya tuktuk au bodaboda iliyomwaga petroli, msogeze mgonjwa kwanza ndipo ufungue mtungi. Ni marufuku sigara karibu.

## Filimbi ya kijani

Inaandaliwaje?

Hakikisha chemba ya mkaa imekaa kwenye tundu la juu. Legeza kifuniko cha chupa kwa kutumia kitako cha kifaa, nusu mzunguko, kisha ukimalizie kwa mkono. Inamisha kifaa kama nyuzi 45 na umimine mililita 3 zote kupitia kitakoni huku ukikizungusha, ili utambi wa ndani unywe dawa yote. Mvishe mgonjwa kamba mkononi.

Pumzi za kwanza ziwe ndogo, maana harufu yake tamu kama ya matunda huwakohoza wengine. Baadaye avute kawaida na atoe pumzi kupitia kifaa hichohicho, kwani mkaa ndio unaonasa mvuke usijae ndani ya gari. Akitaka nguvu zaidi, azibe kwa kidole tundu lililo kwenye chemba ya mkaa. Tundu likiwa wazi hupata mvuke wa asilimia 0.2 hadi 0.4, likizibwa hufika 0.5 hadi 0.7. Wengi wanaolalamika kwamba filimbi haifanyi kazi hawakuelezwa habari ya tundu hilo.

Ukimaliza, rudisha kifuniko cha chupa, tia chupa na kifaa kwenye mfuko wa plastiki unaofungika, uvitupe pamoja na taka za dawa.

Inadumu kwa muda gani, na kikomo ni kipi?

Mililita 3 hutosha dakika 25 hadi 30 kwa kuvuta mfululizo, na zaidi kwa kuvuta na kupumzika. Joto huharakisha mvuke, basi usimimine dawa kabla mgonjwa hajawa tayari. Unaweza kuongeza chupa ya pili. Kikomo ni mililita 6 kwa siku na 15 kwa wiki, na haifai kutumika siku mbili mfululizo. Andika kiasi na saa kwenye fomu ya rufaa. Hospitali isipojua, mtu anaweza kupewa chupa ya tatu bila yeyote kukusudia.

Ni kweli inaharibu figo?

Kwa dozi za zamani za usingizi, ilifanya hivyo. Ini huivunja na kutoa floraidi, na floraidi nyingi kwa muda mrefu huidhuru figo. Dozi ya mililita 3 hadi 6 ni ndogo mno kulinganisha na zile za chumba cha upasuaji, na kwa mtu mwenye figo nzima haijaonekana kuleta madhara hayo. Ila vikomo vilivyotajwa hapo juu vimewekwa kwa sababu hiyo hasa, na mwenye ugonjwa wa figo asipewe kabisa. Jihadhari pia na anayetumia dawa nyingine zenye kugusa figo, kama gentamaisini na tetrasaiklini.

Mgonjwa anatumia dawa za kifua kikuu au ARV. Nimpe?

Uliza swali hili kila mara, na uliulize faraghani, mbali na masikio ya umati. Rifampisini na isoniazidi, efavirenzi na nevirapini, pamoja na dawa za kifafa kama fenobabitoni na kabamazepini, huchochea vimeng'enya vya ini. Methoksiflureni huvunjwa haraka zaidi na floraidi huongezeka. Pombe ya kila siku hufanya vivyo hivyo. Kwa wagonjwa hawa tunapendelea gesi ya mtungi, ambayo haivunjwi na ini kwa kiasi cha kujali.

## Nani asipewe

Ameumia kifua. Gesi inafaa?

Ukishuku hewa imevuja kati ya pafu na ukuta wa kifua, gesi ya mtungi ni haramu. Nitrasi oksaidi huingia kwenye mfuko wa hewa uliofungwa haraka kuliko naitrojeni inavyotoka, nao mfuko hupanuka. Kwa mchanganyiko wa nusu kwa nusu waweza kukaribia kuwa maradufu. Dereva wa bodaboda aliyegonga kifua kwenye usukani, anayehema kwa shida, upande mmoja haupandi: usimpe. Kanuni hiyohiyo inahusu utumbo ulioziba, na aliyefanyiwa upasuaji wa retina akawekewa kiputo cha gesi jichoni, hata wiki kadhaa zilizopita, kwani anaweza kupofuka.

Methoksiflureni haipanui hewa namna hiyo. Lakini yeyote anayepumua vibaya au mwenye presha iliyoanguka hafai kwa filimbi vilevile.

Na wapiga mbizi?

Pwani yetu ina watalii wanaopiga mbizi Diani, na ina wavuvi wanaozamia kamba na majongoo bahari, mara nyingine kwa kompresa. Aliyevuta hewa ya mtungi au ya kompresa chini ya maji ndani ya saa 24 zilizopita asipewe nitrasi oksaidi, hata kama kinachomuuma ni kifundo cha mguu alichoteguka akipanda mashua. Viputo vya naitrojeni mwilini mwake vitakua.

Akiwa na maumivu ya viungo, ganzi au udhaifu baada ya kuzamia, mlaze, mpe oksijeni ya kiwango cha juu na uandike hali ya mishipa ya fahamu kabla ya dawa yoyote ya kulegeza. Maumivu yake ni dalili inayohitaji tiba ya shinikizo la hewa ndani ya chumba maalumu, na oksijeni ndiyo dawa yake ya kwanza.

Ameumia kichwa, amelewa, au ametumia bugizi (vidonge vya kulevya)?

Kigezo ni kimoja: je, anafuata maelekezo na kushika kifaa mwenyewe? Fahamu ikiwa imepungua kwa sababu yoyote, iwe jeraha la kichwa, pombe, bugizi au unga, usimpe. Utamzidishia usingizi na utapoteza dalili ambayo daktari ataihitaji. Anayetumia methadoni na yuko macho kabisa anaweza kupewa, kwa uangalizi wa karibu.

Uliza pia kama yeye au ndugu wa damu aliwahi kupata homa kali ya ghafla chini ya dawa ya usingizi wa upasuaji. Jibu likiwa ndiyo, methoksiflureni ni marufuku kwake.

Mjamzito je?

Kwa uchungu wa kuzaa, gesi ya mtungi ina historia ndefu. Siri ni wakati: aanze kuvuta mara tu uchungu unapoanza kupanda, asingoje ufike kileleni, kwa kuwa gesi huhitaji kama nusu dakika. Uchungu ukishuka, aache. Katika miezi mitatu ya kwanza dawa zote mbili ziwe kwa uamuzi wa daktari.

Mtoto wa umri gani?

Gesi ya mtungi inahitaji mtoto anayeelewa na mwenye nguvu ya kufungua vali kwa pumzi yake, kwa kawaida kuanzia miaka minne au mitano. Mwache aicheze kwanza, asikie inavyovuma. Methoksiflureni iliidhinishwa Uingereza mwaka 2015 kwa watu wazima, ilhali Australia huwapa watoto pia. Fuata idhini ya dawa uliyo nayo mkononi.

Mwenye selimundu akiwa kwenye maumivu?

Gesi ya mtungi yaweza kumsaidia safarini, basi. Isigeuzwe kuwa tiba ya siku nzima wodini, wala ya kila anapougua. Nitrasi oksaidi huzima vitamini B12, na akirudiarudia hupata ganzi ya miguu na kuyumba anapotembea. Filimbi tunaiepuka kwake mpaka figo zake zijulikane. Mfunike asipate baridi ya kiyoyozi, mpe maji, na usiache oksijeni ishuke.

## Mambo yanapokwama

Amevuta dakika tano, bado analia. Kwa nini?

Anza na kifaa: vali imefungwa, mtungi umeisha, chemba ya mkaa haipo. Kisha mdomo: meno bandia yamelegea, midomo imevimba, ndevu zinavujisha barakoa, anavuta kwa pua. Halafu upumuaji: mtu mwenye hofu hupumua kwa pumzi fupifupi ambazo haziishii mapafuni. Pumua naye pamoja, uso kwa uso, umwambie polepole, "Vuta... toa." Muda nao je, dakika mbili zilipita? Yote yakiwa sawa na bado anaumia, dawa hii haimtoshi. Usimlaumu. Weka dripu.

Anatapika, au amezubaa.

Ondoa kifaa, mgeuze kwa ubavu, safisha kinywa, mpe oksijeni. Akikawia kurudi baada ya gesi ya mtungi, zaidi ya dakika tano hivi, acha kusema ni gesi. Tafuta damu inayovuja, kichwa kilichoumia, sukari iliyoshuka.

Sisi tulio ndani ya gari tunavuta pia?

Mnavuta, kiasi. Fungua madirisha au washa feni ya kutoa hewa nje. Kiyoyozi kinachozungusha hewa ileile hakisaidii. Keti upande wa kichwani, si mbele ya mdomo wa mgonjwa. Mhudumu mjamzito apangiwe kazi nyingine gesi inapotumika mara kwa mara.

## Maswali ya pembeni

Nimefunga Ramadhani. Dawa hii inafunguza?

Qur'ani, katika Surat al-Baqara aya ya 184, imempa mgonjwa ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Maulamaa wana kauli tofauti kuhusu dawa za kuvuta, basi muulize sheikh wako ukishatulia. Kwetu sisi wahudumu jambo ni hili: usimcheleweshee mgonjwa dawa kwa kudhani atakataa, na usimlazimishe akikataa. Mfungaji wa alasiri mara nyingi ana upungufu wa maji, kwa hiyo atapata kizunguzungu upesi. Mlaze kabla ya kuanza.

Bega limerudishwa, naweza kupanda pikipiki yangu niende?

Hapana. Baada ya gesi ya mtungi subiri angalau nusu saa na uwe huna kizunguzungu chochote, na kwa bega lililoteguka hutaendesha siku hiyo hata hivyo. Baada ya methoksiflureni usiendeshe hadi kesho yake. Rudi na mtu mzima, kwa gari au tuktuk, na usikae nyuma ya bodaboda.

Mgonjwa anasafirishwa kwa ndege kwenda Nairobi. Gesi iendelee?

Hewa iliyofungwa mwilini hupanuka angani hata bila dawa, na nitrasi oksaidi huongeza juu yake. Badilisha kwa dawa ya mshipa kabla ya kuruka, mwache apumue oksijeni au hewa ya kawaida dakika kadhaa, kisha mkabidhi kwa timu ya ndege pamoja na karatasi yenye jina la dawa, kiasi, saa aliyoanza na saa aliyoacha. Mvuke wa methoksiflureni ndani ya chumba kidogo cha ndege haumhusu mgonjwa peke yake: rubani naye anavuta hewa hiyo.